Mgeni Halipi, Gari Ndiyo Inalipa

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa na kibanda changu mwenyewe ndani ya jiji la Nairobi. Kilikuwa cha mabati, kimepakwa rangi ya manjano, na ndani mlikuwa na kiti, mkoba wa tikiti na mimi. Nyuma ya jengo moja la ofisi, karibu na River Road, palikuwa na uwanja wa kuegesha magari, na mimi ndiye niliyekaa langoni. Wenye magari walinidharau asubuhi na kunibembeleza jioni, wakishapoteza tikiti. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye ulimi mkali, na hapo mbele yangu palikuwa na chuma kirefu kilichopanda na kushuka kwa amri yangu.

Mdosi wangu alikuwa na sheria moja, na aliisema kama mtu anayesoma amri za Musa: "Hapa tunalaza magari, hatulazi watu." Sheria hiyo ilizaliwa baada ya mlinzi mmoja wa zamani kugunduliwa akikodisha viti vya nyuma vya magari ya wateja kwa watu waliokosa pa kulala. Mimi nilimkuta ameshafukuzwa, lakini nilimheshimu kimoyomoyo kwa ubunifu wake.

Siku moja kikaja kitu langoni ambacho sikujua nikiite nini. Kilikuwa kirefu kuliko matatu na kipana kuliko gari la mkate. Kilikuwa na madirisha yenye mapazia ya maua, ngazi nyuma, na baiskeli moja iliyofungwa mgongoni kando ya mahali ambapo, ilionekana wazi, palikuwa na ya pili. Aliyeendesha alikuwa mzungu mzee mwenye miwani, na pembeni yake mkewe, amejiegemeza kwenye kioo kama mtu aliyetoka kulia. Walikuwa wameendesha hiyo nyumba yao kutoka Ulaya, wakapita Misri, Sudan na Ethiopia, wakaingilia Moyale. Sasa walikuwa wakingoja viza mjini ili waendelee kusini, na hawakuwa na mahali pa kulala.

Si kwamba hawakuwa wamejaribu. Usiku wa kwanza walijificha kando ya msitu, huko Ngong Road, na askari wa msitu wakawatoa. Wa pili walilala kwenye uwanja wa maduka Karen, walinzi wakawagongea dirisha kwa rungu. Wa tatu walitafuta kichochoro kitulivu, na asubuhi wakakuta baiskeli moja imeenda zake. Huko njiani, jangwani, walikuwa wamezoea kulala popote jua lilipowachwea. Nairobi hakuna popote. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na mwenyewe ana rungu.

"Tutalipa," yule mama aliniambia kwa Kiingereza, polepole. "Tunataka tu kulala bila kugongewa."

Mdosi alitoka ofisini, akakitazama kitu kile kutoka juu hadi chini, akasema sheria yake. Hata kama angekubali, chuma changu, hata kikipanda hadi mwisho, kingeng'oa paa la gari lile. Lakini hasira ilinipanda. Nilimwona yule mama akijifuta uso kwa kona ya pazia, nikamkumbuka mama yangu, na kabla sijafikiri mdomo ulikuwa umeshaniponza.

"Ngojeni nitoke kazini," niliwaambia. "Kwetu kuna shamba."

Niseme sasa kwamba shamba lenyewe lilikuwa na matatizo yake.

Lilikuwa Waithaka, pembezoni mwa jiji, si kubwa, lakini lilikuwa na nafasi kubwa kuliko ya majirani waliokuwa wameshajaza vyumba vya mabati vya kupangisha hadi kwenye ua. Mbele kulikuwa na nyumba yetu ya mbao, pembeni mahindi na maharagwe, na katikati kabisa slabu. Baba alikuwa ameanza kujenga nyumba ya mawe. Alichimba msingi, akaujaza mawe, akamwaga slabu ya saruji pana na laini, akaimwagilia maji kila asubuhi ili isipasuke. Akaugua kabla ya kununua jiwe la kwanza la ukuta. Tulimzika, na slabu ikabaki. Mama hakuanika hata mahindi juu yake. Alikuwa akiifagia.

Baba mdogo, ndugu yake baba, aliiita kaburi la saruji. Yeye alikuwa mtu wa Karen, mtaa wa matajiri, siku hizo. Ukimsikia akisema "kule kwangu Karen" ungedhani ana bustani na farasi, kumbe alikuwa amepanga kijumba cha nyuma kwa tajiri mmoja. Alikuwa na gari linalong'aa, alilolipangusa kwa kitambaa kila aliposhuka. Kwa kuwa hati ya shamba ilikuwa bado ina jina la babu, alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba shamba ni letu sote, na limelala, na kitu kilicholala kiuzwe. Mama apewe fungu lake, atafutiwe chumba mahali.

"Mimi nikae chumba cha kupanga," mama alikuwa akinijibu mimi, maana yeye hakumjibu, "na nina slabu ya mume wangu?"

Hilo ndilo shamba nililowapeleka wageni, nimeketi mbele kwenye kiti cha juu, sufuria zikigongana nyuma yetu kama jikoni kwa bibi harusi. Sikujisikia mdogo siku ile.

Mama alitoka nje na mwiko mkononi. Alilizunguka gari lile mara moja. Yule mzungu, kwa adabu, akafungua mlango kumwonyesha. Mama akaona kitanda, akaona jiko la gesi, vikombe vimening'inizwa, viatu vimepangwa, picha za wajukuu ukutani. Akanigeukia, macho yamemlowa.

"Wamefungiwa nyumba," akasema.

"Mama, hapana..."

"Wazee kama hawa! Landilodi gani huyo hana hata haya? Wamebeba mpaka picha za ukutani."

Msomaji wa Nairobi atamwelewa. Kwetu, ukiona kitanda na sufuria na pazia juu ya gari moja, hiyo ni safari ya aina moja tu: mtu ameshindwa na kodi na anahama. Nilijaribu kumweleza kwamba hawa watu wana nyumba nyingine kwao, kwamba hii ni ya kutembelea. Mama akanisikiliza kwa subira ya mtu anayesikiliza uongo wa kumtunzia mtu heshima, akanipiga begani, akasema ni vizuri nisiwaaibishe.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta akina mama wa kanisa wamefika. Walikuja kama wanavyokuja kwa mtu aliyepatwa: wameimba tangu barabarani, na vikapu vichwani. Kulikuwa na unga, sukuma wiki, ndizi za kupika, blanketi mbili na sabuni ya kipande. Waliwazunguka wale wazee wawili, mmoja akaomba kwa machozi kwamba Mungu awafungulie mlango wa nyumba, wengine wakaitikia amina. Wageni hawakuelewa neno. Walidhani ndivyo Wakenya wanavyokaribisha. Yule mama wa kizungu alilia kweli, akawakumbatia wote mmoja mmoja, na akina mama wakaniambia baadaye kwamba wameona mateso machoni pake. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye nyasi.

Lakini mvua ya jioni ile haikucheka. Udongo wetu mwekundu ukilowa unameza. Asubuhi gari lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli, limeinama upande, na vikombe vyote vimeanguka. Majirani walikuja wakasukuma, waumini wakasukuma, likatoka na kuzama tena hatua chache mbele. Sehemu ngumu ilikuwa moja tu, na kila mtu aliiona na hakuna aliyethubutu kuitaja. Mama alisimama akaitazama kwa muda mrefu.

"Waweke pale," akasema.

Gari likapanda slabu. Likasimama pale limenyooka, na mapazia yake ya maua, na moshi wa chai ukitoka dirishani. Mama akaingia ndani kwetu na hakutoka kwa kitambo. Alipotoka alikuwa amefunga leso safi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Angalau leo kuna nyumba juu yake." Mimi nilijifanya ninaangalia kuku.

Viza zilipotoka, mzee akatoa noti. Mama akarudi nyuma kana kwamba ametolewa kisu. Mgeni kwetu halipi. Huombi mgeni pesa ya maji aliyokunywa wala ya mahali alipoweka mbavu, na anayefanya hivyo huzungumzwa mpaka vitukuu. Mzee akasisitiza, mama akakasirika, mwisho wakaachana wakiwa wamekumbatiana na noti imerudi mfukoni.

Basi nilidhani yameisha. Kumbe wasafiri wale wana umbea kuliko soko la Kangemi. Wanakutana Moyale, wanakutana Namanga, wanaandikiana kwenye mtandao, na kila mmoja ana swali lile lile: Nairobi tunalala wapi? Miezi michache baadaye wakaja wengine wawili. Wakaja kijana na mchumba wake kwenye lori la zamani la jeshi walilolipaka samawati. Ikaja familia yenye watoto. Wote walikuwa wameambiwa kuna mama Waithaka ana slabu.

Na mama akawapikia wote. Githeri, uji, chai ya maziwa asubuhi na jioni. Maharagwe tuliyoweka ya kula mpaka mavuno yajayo sasa yakawa yanaonyesha sakafu ya gunia. Nikamkumbusha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema sawa, akampa jembe yule kijana wa lori, naye kwa furaha kubwa akang'oa miche yote ya maharagwe na kuacha magugu yamesimama.

Kisha kukawa na mambo ya sanduku. Asubuhi moja mama alimwona yule baba wa familia akivuka shamba amebeba sanduku la plastiki lenye mkono, kama la safari, jekundu. Sasa, mgeni akionekana na mzigo, mwenyeji anampokea. Huulizi, unakimbia. Mama alikimbia, akashika mkono wa sanduku. Mzungu akakataa. Mama akavuta. Mzungu akavuta, amekuwa mwekundu kuliko sanduku, anasema *no, no, please*, na mama anasema karibu, karibu, lete. Nilifika nikapiga kelele kwa Kikuyu kwamba hicho ni choo, mama, hicho ni choo chao, anakwenda kukimwaga. Aliachia mara moja. Alikwenda kunawa mikono hadi kwenye viwiko, na siku nzima alikuwa akisema peke yake: "Ndani ya nyumba. Karibu na sufuria."

Ni wakati huo baba mdogo alipokuja na wazee wawili wa ukoo. Alilisimamisha gari lake mbali na matope, akalipangusa, akatembea mpaka kwenye slabu. Akawaona wageni wakianika nguo.

"Shemeji," akasema, "hii sasa ni nini? Mnalisha wazungu bure kwa shamba ya baba yangu?"

"Ni wageni," mama akasema.

"Wageni! Shamba imelala, sasa imepata watu wa kulala nayo." Alilipenda hilo neno lake, akacheka peke yake. Halafu akawageukia wazee. "Mimi si mtu mbaya. Mvua ya Aprili ikianza na hii shamba bado haifanyi kazi, naleta mtu wa kununua. Mumeskia?"

Wazee wakatikisa vichwa kwamba wamesikia. Hawakuwa upande wa mtu. Walikuwa watu wa haki, na haki, kwa jinsi alivyoipanga, ilikuwa inaelekea kwake. Mama akawapa chai. Alimtilia na baba mdogo sukari kama apendavyo, nami nikamchukia kwa kila kijiko.

Walipoondoka nilimlipukia mama. Nilimwambia watu hawa wanataka kulipa! Wamekuja wakitafuta mahali pa kulipa! Kule mjini mtu anakulipa kwa kuacha gari tupu, na wewe una maji, una slabu, una usalama, na unagawa kama sadaka, na tutahamishwa hapa ukiwa na adabu zako. Nilisema maneno mengi. Yeye alikuwa akipepeta maharagwe machache yaliyobaki, akaniacha nimalize.

"Kule kwa kazi yako," akasema, "mtu akija, unalipisha nani?"

"Yule mtu."

"Fikiria. Akipita hapo kwa miguu, unamwitisha pesa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hana gari."

"Sasa ni nani analipa?"

Miaka yote ile ndani ya kibanda cha manjano, na sikuwahi kuliona.

"Gari," nikasema.

"Haya." Akaweka ungo chini. "Mgeni ni mtu, na mgeni halipi. Lakini gari haikuja kunisalimia. Gari ni mpangaji."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za mama zilikuwa zimefichwa chini ya kitambaa muda wote ule. Tangu siku hiyo hakuwa na shida yoyote na dhamiri yake. Aliwaita majirani, wale waliokuwa wakijenga vyumba vya mabati usiku na mchana, akawaambia kwa maringo ambayo sikujua anayo: "Nyinyi mnajengea wapangaji vyumba. Mimi wangu wanakuja na vyumba vyao."

Tuliajiri fundi kutoka Kangemi. Akavuta bomba mpaka kwenye slabu, akaweka mifereji miwili. Akajenga bafu la mbao lenye pipa juu ya kuni, maji ya moto ya kutosha kumnyonyoa kuku. Akatoa waya wa stima kutoka kwa nyumba, na soketi zilizofunikwa zisilowe. Nyuma kabisa, mbali na macho ya mama, akachimba shimo lenye mfuniko wa saruji na bomba lake, mahali pa masanduku mekundu. Mama alilifungua rasmi kwa kugeuka upande mwingine. Nami nikatengeneza lango langu: mti mrefu wa mkaratusi, jiwe zito limefungwa mwisho wake, unapanda na kushuka kama wa kule mjini. Nikachapisha tikiti. Sikuzihitaji, lakini nilizitaka.

Wengi walilipa kwa furaha iliyotushangaza. Walikuwa wakiuliza tena, ni hiyo tu? na maji? na stima? Mama alikuwa akiwapa chai na mandazi kando, bure, na ukijaribu kuilipia hiyo chai unapigwa jicho. Mmoja tu aligoma. Alikuwa na ndevu za kijivu na gari la rangi ya mchanga, na akanihubiria pale langoni kwamba yeye ametoka Cairo hajalipia usingizi hata mara moja, ardhi ni ya Mungu, nyota ni za bure. Nikamwambia nyota za Waithaka pia ni za bure, gari ndilo lina bei. Akaondoka kwa hasira kuelekea msituni. Kesho yake mchana akarudi, kioo cha pembeni hakipo, ndevu zimetulia. Mama akampa chai kabla hajashuka, kisha akasema lile neno lake, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa ili aelewe: "Mgeni halipi! Gari ndiyo inalipa!" Akacheka, akalipa, akakaa wiki nzima. Alipoondoka alikuwa amejua kuimba nyimbo mbili za kanisani.

Mawingu ya Aprili yalipoanza kujikusanya upande wa Ngong, baba mdogo akatimiza ahadi yake.

Ilikuwa Jumamosi, nami sikuwa kazini. Gari linalong'aa lilikuja na wazee wale wawili wamekaa nyuma. Nyuma yake likaja gari kubwa zaidi, la mnunuzi, bwana mmoja wa mjini mwenye simu mbili. Nikainua mti wangu wakapita. Slabu ilikuwa imejaa. Magari manne yalikuwa yamejipanga juu yake na mengine mawili pembeni, kwenye kokoto tulizomwaga. Nguo zilikuwa kwenye kamba, bafu linatoa mvuke, mzungu mmoja amelala chini ya lori lake anagonga kitu, na mama anapita katikati na birika.

Mama aliwakaribisha kama watu waliokuja kuposa. Chai, mandazi, mukimo uliopambwa kwa mahindi. Baba mdogo alikuwa akizungumza bila kupumua: huyu bwana ataona ukubwa, hii slabu inavunjwa kwa siku moja, hawa ni watu wa kupita, wakienda leo shamba inalala kesho. Mnunuzi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akihesabu magari kwa kidevu. Msafiri mmoja akadhani naye ni mwenzao, akamuuliza anakaa siku ngapi.

"Msichana," bwana akaniita, "hawa wanalipa?"

"Wao hawalipi," nikasema. "Magari ndiyo yanalipa."

Akanitazama, akamtazama mama, akatabasamu kidogo. Akamaliza mukimo wake wote. Kisha akamwambia baba mdogo, kwa Kiingereza kizuri, kwamba ameletwa kununua shamba lililolala, na hapa yeye haoni hata kuku aliyelala. Akamshukuru mama kwa chakula, akaelekea kwa gari lake.

Nikakimbilia langoni, nikashusha mti. Nikamtajia bei ya gari. Alicheka kwa sauti, akalipa, akachukua tikiti yake, akapita. Lakini hakwenda mbali. Alisimama hapo nje ya lango akiwa na simu moja sikioni, anatutazama kupitia kioo.

Halafu likaja gari la baba mdogo, na wazee nyuma.

Nakiri mti ule ulikuwa mzito mikononi mwangu. Ningeweza kuuinua. Nilimwona mama anakuja kutoka kwenye slabu, taratibu, birika bado mkononi, na nikauacha chini.

"Nini?" baba mdogo akasema. "Hata mimi?"

"Shemeji," mama akasema, kwa sauti tamu sikuwahi kuisikia, "wewe ni mgeni wangu. Umekula, umekunywa, hakuna mtu amekuitisha kitu. Ni gari tu. Gari ndiyo inalipa." Akaegemea dirisha. "Lakini kama ni nyingi sema tu, nitaambia mtoto akusamehe."

Ah, mama! Alimjua shemeji yake miaka thelathini. Mtu wa Karen, mbele ya bwana mwenye simu mbili, mbele ya wazungu waliokuwa wameanza kusogea kutazama, aambiwe atasamehewa pesa ya kuegesha! Alichomoa noti kubwa kuliko bei mara tatu, akaitoa dirishani kwa vidole viwili.

"Weka change," akaniambia.

Mama akaninyang'anya tikiti, akampa yeye mwenyewe, mkono kwa mkono. Naye akaichukua. Hapo ndipo mama alipoinama kidogo zaidi, akawatazama wazee waliokaa nyuma.

"Wazee wangu," akasema. "Mko ndani ya gari, mmeona kwa macho yenu. Mimi ni mwanamke, sijui sheria. Niambieni tu: mtu hulipa kuweka gari kwa shamba yake?"

Nilimwona baba mdogo akiiangalia tikiti mkononi mwake, akilielewa jambo polepole, kama mtu anayesikia maji yakipanda miguuni. Nami nikalielewa wakati ule ule. Tangu jioni ile ya maharagwe mama hakuwa akitafuta tu pesa za magari.

Mzee mkubwa akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko kilichokuwa kikitafuta njia. Akajifuta macho kwa kofia yake.

"Mtu halipi kwake," akasema. Akageuka kwa mwenzake, naye akakubali, akalirudia: "Mtu halipi kwake. Hiyo imeisha." Kisha akafungua mlango, akashuka, akasema yeye hana haraka ya kwenda, anarudi kwa kikombe cha pili. Mwenzake akamfuata. Hao hao wawili ndio waliokwenda na mama ofisi ya ardhi mwaka ule kutoa jina la babu kwenye hati na kuweka lake.

Baba mdogo alibaki peke yake ndani ya gari linalong'aa, matone ya kwanza ya mvua yakianza kulitia madoa. Nyuma yetu wageni walikuwa wakikimbia kuanua nguo, na maji yalianza kugonga mapaa yale yote juu ya slabu ya baba. Mama alijifunika leso kichwani. Alikuwa amesimama wima kuliko mti wangu ukiinuliwa.

"Haya," akaniambia, kwa sauti ya mwenye shamba. "Mfungulie mgeni."